Tathmini: moduli ya cheche ya EDIS-4 chini ya amri ya kidhibiti cha kujitengenezea

Mtu anayejitengenezea kidhibiti cha injini kwa maikrokontrola ya kawaida (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) hapati taabu kubwa katika kusoma sensa wala katika kupanga jedwali la nyuzi za cheche, yaani pembe ambayo cheche iruke kabla pistoni haijafika juu. Taabu huanza pale ishara dhaifu ya volti 5 inapotakiwa kuamuru koili inayokula ampea kadhaa, tena kwa wakati usioyumba, chini ya boneti yenye joto, mtetemo na vurugu za umeme. Hapo ndipo huchaguliwa moduli ya cheche, na tathmini hii inahusu mojawapo, EDIS-4 ya Ford, ambayo nimeiendesha kwa kidhibiti nilichokiunda juu ya Arduino Nano, bodi ndogo ya maikrokontrola, kwenye injini ya silinda nne yenye kabureta. Naipendekeza, na sababu yangu kubwa si ukali wa cheche zake, ingawa ni kali. Ni kwamba moduli hii imeundwa bila kumwamini kabisa yule anayeiamuru.

EDIS ni mfumo wa cheche usio na distribyuta (kifaa kinachozunguka na kugawa cheche kwa kila silinda) ambao Ford iliufunga kwenye magari yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katika miaka ya 1990. Namba iliyo mwishoni mwa jina hutaja idadi ya silinda: EDIS-4 ilikuwamo, miongoni mwa magari mengine, kwenye Escort ya lita 1.9 iliyouzwa Marekani, EDIS-6 kwenye Explorer ya V6 ya lita 4.0, na EDIS-8 kwenye magari ya V8 ya lita 4.6. Mfumo kamili una vipande vinne, yaani moduli yenyewe yenye soketi moja ya pini 12, pakiti ya koili, sensa ya sumaku, na gurudumu lililogawanywa kwa meno 36 ambalo jino moja limeachwa kwa makusudi, yakabaki 35. Aliyenunua moduli peke yake amenunua nusu ya kitu. Kwa kuwa vifaa hivi hupatikana zaidi kwenye magari yaliyokwisha kuvunjwa, ni vyema kukata pia soketi pamoja na urefu wa kutosha wa waya zake, kwa sababu moduli na koili hupatikana kwa urahisi kiasi, lakini soketi iliyoachwa nyuma haipatikani.

Uzuri wake unaonekana katika mgawanyo wa kazi. Moduli ndiyo inayosoma gurudumu, inayotambua pengo la jino lililokosekana, inayojua pembe ya krankshafti, na inayoamua lini ianze kuijaza koili na lini ikate umeme ili cheche iruke. Koili za aina hii zina ukinzani mdogo sana upande wa umeme mdogo, takriban nusu ohmu, na mwenye kupiga hesabu ataona kwamba betri ya volti 12 ikiachiwa njia wazi ingesukuma ampea 24, kiasi cha kuunguza kila kilicho njiani. Kusimamia ujazaji huo, kulingana na kasi ya injini na hali ya betri, ni kazi inayohitaji uangalifu mkubwa, na EDIS humwondolea mjenzi kazi hiyo yote. Kidhibiti kinabakiwa na swali moja tu la kujibu, nalo ni kwamba cheche iruke nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu.

Mazungumzo kati ya pande hizi mbili hupita katika waya mbili. Moduli hutuma ishara iitwayo PIP, ambayo kwa EDIS-4 hutoka mara mbili katika kila mzunguko wa krankshafti, na kidhibiti hujibu kwa pigo moja liitwalo SAW, ambalo urefu wake ndio ujumbe wenyewe. Kanuni ni nyepesi: chukua maikrosekunde 1536, kisha utoe 25.6 kwa kila nyuzi moja unayotaka kuiwahisha cheche. Pigo la maikrosekunde 1280 linamaanisha nyuzi 10, la 1024 linamaanisha 20, na la 768 linamaanisha 30. Hakuna itifaki ya kuchambua wala namba za siri, na mwenye osiloskopu, chombo kinachochora ishara za umeme kwenye kioo, anaweza kuyasoma mazungumzo haya kwa macho, akaona pigo likifupika kila anapokanyaga mafuta na kurefuka tena anapoachia. Kwa anayejifunza, jambo hili lina thamani kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu kosa la programu huonekana waziwazi kwenye kioo kabla halijaifikia injini.

Muda nao upo wa kutosha. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6000 kwa dakika hutoa PIP moja kila milisekunde 5, na katika mizunguko 900 nafasi hiyo hupanuka hadi milisekunde 33 hivi. Maikrokontrola ya Nano inayokwenda kwa megahezi 16 ina uwezo wa kupima nafasi hiyo, kupata mizunguko, kusoma jedwali na kupanga jibu bila kuhema. Tahadhari inahitajika katika namna ya kulitoa pigo. Nyuzi moja ni maikrosekunde 25.6, hivyo pigo likiyumba kwa maikrosekunde 10 cheche nayo huyumba kwa takriban sehemu 0.4 ya nyuzi, na anayetumia amri za kawaida za kusubiri ndani ya programu atayumba zaidi ya hapo, kwa kuwa katizo (amri zinazoisimamisha programu kwa muda) za saa ya ndani na za mawasiliano ya kompyuta huingilia kati wakati wowote. Saa ya kawaida ya Arduino huhesabu kwa hatua za maikrosekunde 4. Usomaji mmoja wa volti za sensa kwa amri ya kawaida huchukua zaidi ya maikrosekunde 100 huku programu ikiwa imesimama kuusubiri. Njia iliyo safi ni kuikabidhi kazi hii saa namba 1 ya maikrokontrola, igawanywe kwa 8 ili ihesabu kila nusu maikrosekunde, na pini ishushwe na saa yenyewe bila kuingoja programu. Nilipolitazama pigo lililotolewa kwa njia hiyo, ukingo wake wa mwisho ulisimama mahali pamoja kwenye kioo kama uliochorwa, ilhali lile la amri za kusubiri lilikuwa na ukungu mwembamba pembeni.

Upande wa umeme, moduli yenyewe haina madai mengi, lakini kidhibiti kinacho. Nano ina kirekebisha volti chake kidogo ambacho hakikuundwa kukabiliana na umeme wa gari, na anayekiunganisha moja kwa moja na waya wa swichi atajuta mara chaji itakaporuka ghafla. Kirekebisha volti cha LM2940 ni chaguo la busara, kwani kiliundwa kwa magari, huvumilia mruko mfupi wa hadi volti 60, na hakifi betri ikigeuzwa kwa bahati mbaya. Ishara ya PIP ipimwe kwanza kabla ya kuingizwa kwenye pini ya maikrokontrola, kisha ipitishwe kwenye rezista na dayodi ya zena, inayozuia volti zisizidi kiwango, au bora zaidi kwenye kiunganishi cha mwanga kinachotenganisha pande mbili kabisa. SAW, kwa upande wake, hutosheka na volti 5 za maikrokontrola. Waya wa ethi wa kidhibiti usigawane njia na waya wa ethi wa koili. Kila mmoja uende peke yake hadi kwenye chuma cha injini, la sivyo kila cheche itakayoruka itaitikisa ethi ya programu yako.

Sehemu inayokula siku nzima ni kufunga gurudumu na sensa, na hapa sina budi kuwa mkali kidogo, kwa sababu wengi huiona kuwa kazi ya chuma tu isiyohusiana na elektroniki. Gurudumu lazima likae sawasawa kwenye puli ya krankshafti bila kuyumba, na nafasi kati ya sensa na ncha za meno iwe karibu na milimita moja, isizidi sana wala isipungue hadi kugusana. Sensa ya aina hii haina umeme wake. Huzalisha volti kutokana na jino linalopita mbele yake, na volti hizo huwa ndogo mno wakati starta inaizungusha injini polepole. Sensa ikiwekwa mbali, gari litakwenda vizuri likishawaka, lakini asubuhi yenye baridi halitawaka, na mwenye nalo atailaumu betri. Waya mbili za sensa zisokotwe pamoja ndani ya kinga yake, kinga hiyo iunganishwe na ethi upande mmoja tu, upande wa moduli, na zipite mbali na waya za plagi. Waya hizo mbili zikibadilishana nafasi, moduli hulisoma pengo vibaya, na hakuna programu inayoweza kulisahihisha kosa hilo.

Kisha kuna pembe. Kwa EDIS-4, pengo la jino lililokosekana linapaswa kupita mbele ya sensa nyuzi 90 kabla pistoni ya silinda ya kwanza haijafika juu kabisa, kwa EDIS-6 nyuzi 60, na kwa EDIS-8 nyuzi 50. Kwa kuwa kila jino ni nyuzi 10, njia rahisi ni kuiweka pistoni ya kwanza juu, halafu kuhesabu meno tisa kutoka pengo. Yupo atakayejiambia kwamba nyuzi mbili tatu za makosa zitarekebishwa kwenye programu kwa kuongeza au kupunguza namba. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande mmoja tu, kwa sababu kidhibiti kinaweza kuisahihisha SAW, lakini moduli inapofanya kazi peke yake haijui chochote kuhusu marekebisho yako, na itatoa cheche pale chuma kilipoielekeza. Sensa ifungwe kwenye kishikio chenye tundu refu linaloruhusu kusogezwa, na pembe isahihishwe pale kwa taa ya taimingi, huku SAW ikiwa imechomolewa.

Hilo linatufikisha kwenye sifa ninayoithamini kuliko zote. Moduli ya EDIS isipopokea SAW hutoa cheche nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, na huendelea hivyo muda wote gurudumu linapozunguka. Jaribio lake ni rahisi na kila mjenzi alifanye: injini ikiwa inanguruma taratibu, chomoa waya wa SAW. Sauti hushuka, injini hulegea na kuwa nzito kidogo, lakini haizimi. Ukiurudisha waya, sauti hupanda pale pale. Nano inaweza kuanguka na kuanza upya kwa sababu starta imeishusha betri, au programu inaweza kukwama kwa kosa lisilotazamiwa, na gari bado likafika nyumbani, likiwa goigoi na lenye joto zaidi ya kawaida, bila kuvutwa. Hata kuwaka kwenyewe hakutegemei kidhibiti, kwa kuwa maikrokontrola hutumia sekunde moja au zaidi kujiandaa baada ya kupata umeme, na kufikia hapo moduli inaweza kuwa imeshatoa cheche zake za kwanza.

Ukilinganisha na moduli nyingine, tofauti hujitokeza. HEI, moduli ya cheche ya General Motors (GM) yenye pini saba, nayo ina uwezo wa kufanya kazi peke yake, kwa kuwa ina waya wa kuikabidhi madaraka: waya huo ukiwa hauna volti moduli hujiongoza, na ukipewa volti 5 huanza kufuata amri ya kompyuta. Ni mpango mzuri, lakini kidhibiti kikikwama kikiwa bado kinashikilia volti 5 kwenye waya huo, moduli itaendelea kusubiri amri isiyokuja na injini itazima. Aidha kidhibiti ndicho kinachopaswa kutoa ukingo wa cheche kwa wakati wake halisi, kwa hiyo programu hubeba mzigo mzito zaidi. TFI, moduli ya cheche ya Ford iliyotangulia EDIS, ilifungwa kwenye ubavu wa distribyuta katika magari mengi na ikapata sifa mbaya ya kufa kwa joto. Anayeitumia asisahau grisi ya kupitisha joto mgongoni mwake. Ama kuhusu kuendesha koili moja kwa moja kwa transista ya nguvu, njia hiyo ni ya bei nafuu na inatoa uhuru wote, pamoja na uhuru wa kuiunguza koili pale pini ya maikrokontrola inapobaki juu wakati programu inapakiwa. Singemshauri anayeanza aende huko.

EDIS ina upungufu wake, na mwingine hauna dawa. Koili zake huhudumia silinda mbili mbili, ya kwanza na ya nne pamoja, ya pili na ya tatu pamoja, kwa hiyo kila plagi hupata cheche mbili katika mzunguko kamili wa kazi, moja yenye kazi na nyingine inayoruka wakati wa kutoa moshi. Katika kila jozi, plagi moja hupokea umeme kwa mwelekeo wa kawaida na mwenzake kwa mwelekeo wa kinyume, ambao huhitaji volti kubwa kidogo, hivyo plagi zilizochakaa hujionyesha mapema. Waya mmoja wa plagi ukichomoka, silinda zote mbili za jozi huathirika, na jambo hili huwapoteza mafundi waliozoea distribyuta. Taa ya taimingi yenye kipimo cha kuzungusha pia hudanganyika na cheche hizi za ziada, na baadhi yake huonyesha namba maradufu. Iliyo salama ni taa ya kawaida isiyo na kipimo, pamoja na alama za nyuzi zilizochorwa kwenye puli yenyewe.

Moduli haina ukomo wa mizunguko, haijui injini imebeba mzigo kiasi gani, na haitoi taarifa za hitilafu zaidi ya waya mmoja wa uchunguzi uitwao IDM. Yote hayo yanabaki kuwa kazi ya kidhibiti. Kwa mzigo nilitumia sensa ya shinikizo ya MPX4250, inayopima kuanzia kilopaskali 20 hadi 250 na kutoa volti zinazopanda kwa mstari ulionyooka, ikiunganishwa kwa mpira mwembamba na bomba la kuingizia hewa; jedwali la safu kumi kwa kumi za mizunguko na shinikizo linatosha kabisa. Injini ikianza kugonga chini ya mzigo, punguza nyuzi katika eneo hilo la jedwali mara moja, usingoje kusikia tena. Upo pia uwezo wa kutoa cheche kadhaa mfululizo, unaowashwa kwa kuongeza maikrosekunde 2048 kwenye SAW, lakini hufanya kazi kwenye mizunguko ya chini tu. Niliujaribu, ngurumo ya taratibu ikatulia kidogo, na sikuona sababu ya kuupigia debe.

Kwa anayetaka kuijaribu mezani kabla ya kuifunga, drili iliyoshika gurudumu na sensa iliyobanwa kwa jiriwa vinatosha kuifanya moduli idhani kwamba inaongoza injini. Plagi zote nne ziunganishwe na miili yake ifungwe kwenye ethi moja, kwa kuwa koili isiyopewa njia ya kuruka hutafuta njia yake yenyewe, pamoja na kupitia ndani ya kuta zake, na volti zake hufikia makumi ya maelfu. Mikono na osiloskopu vikae mbali na upande huo. Jaribio hilohilo ndilo linalofaa kabla ya kulipia moduli iliyotumika. Ipe umeme, zungusha gurudumu bila kuunganisha SAW, na utazame kama jozi zote mbili zinatoa cheche na kama PIP inatoka safi. Ukinzani wa koili upande mdogo upimwe kwa mita na ulingane kati ya jozi zote mbili. Soketi ichunguzwe kwa tochi, pini kwa pini, hasa mpira wa kuzuia maji, kwani moduli yenye umri huu mara nyingi huwa nzima ndani huku ukungu wa kijani ukiwa umekwisha kula shaba iliyo nje.